Moyo Haufungui Mlango

Ubishi wenyewe mnaujua. Wapiganaji wawili wanakutana kwenye ukurasa wa manga. Mmoja ana mwili kama mlima, na pigo lake moja linapasua ardhi. Mwingine hana kitu zaidi ya moyo: hataki kushindwa, na kila akiangushwa anainuka tena. Nani anashinda? Kambi ya nguvu inaleta hesabu zake, nani alimpiga nani na katika sura ya ngapi. Kambi ya moyo inaleta machozi. Inakukumbusha ile sura ambayo shujaa alisimama huku damu inamtoka, kisha inakutazama kama mtu asiye na roho.

Mimi huwekwa kambi ya moyo kabla sijafungua mdomo. Natoka Tarime, na hapa chuoni ninaposomea uzamili wa fasihi, mtu akishalijua hilo tu anasema, "Aa, Mkurya! Nyinyi si hamjui kuogopa?" Wanaume wa kwetu husifiwa kwa uaskari, wanawake wa kwetu husifiwa kwa ugumu. Sifa hiyo naijua ilikotoka na najua inakotupeleka, ndiyo maana naandika.

Nasema hivi: kambi zote mbili zimekosa, na kambi ya moyo imekosa vibaya zaidi, kwa sababu kosa lake linaumiza watu ambao hakuna aliyewachora. Pambano huamuliwa na kitu cha tatu ambacho ubishi wetu haukihesabu: nani amesimama nyuma yako, na ukikimbia usiku, mlango wa nani unafunguka.

Nianze na kitabu ambacho kambi ya moyo hukileta mezani kwanza. Eiichiro Oda alianza kuchapisha One Piece Julai 1997. Ndani yake kuna nguvu inayoitwa Haki. Ni neno la Kijapani, limefanana na letu kwa bahati tu, na kila Mswahili anayelikuta mara ya kwanza hucheka kidogo. Haki ya Oda ni utashi wa mtu uliogeuka kuwa silaha. Iko ya aina tatu: inayokuwezesha kuhisi pigo kabla halijafika, inayoifanya ngumi yako iwe ngumu kama chuma, na ile adimu ya wenye hulka ya kutawala, inayowazimisha wanyonge bila kuwagusa. Kaido, jitu ambalo halifi hata likitaka, linasema waziwazi kwamba Gol D. Roger aliutwaa ufalme wa maharamia bila tunda la shetani hata moja. Haki pekee ilimtosha. Kambi ya moyo inafunga kesi hapo.

Kesi haifungiki. Rudini Marineford. Luffy amekwenda kumtoa kaka yake Ace kwenye jukwaa la kunyongea. Amevunja gereza, amemwagiwa sumu za kila aina, mwili umeshakataa mara kadhaa. Palepale, Haki yake ya kutawala inalipuka bila yeye kujua, na askari wanaanguka kama majani. Kama utashi ungekuwa unaamua, hapo ndipo ungeamua. Ace alikufa mbele ya macho yake. Luffy mwenyewe alitoka hai kwa sababu Jinbe alimbeba, na Law, ambaye hakuwa na deni lolote kwake, alimpasua na kumshona. Baada ya hapo alihitaji miaka miwili na mwalimu.

Kama hiyo haitoshi, nendeni kwa Kishimoto. Katika Naruto, Rock Lee hawezi uchawi wowote. Ana bidii tu. Akipambana na Gaara anavuka mipaka yote ya mwili wake. Mkono na mguu vinasagwa. Halafu anafanya jambo ambalo kambi ya moyo hulitaja kwa sauti ya kutetemeka: anasimama tena akiwa hana fahamu. Utashi mtupu, umebaki peke yake, mwenye mwili hayupo. Na ameshindwa. Asingekuwa mwalimu wake Gai kuruka katikati, angekuwa amekufa. Tunaisoma sura ile kama ushindi wa moyo. Mimi naiona kama sura ya mwalimu aliyeingia uwanjani kinyume cha kanuni.

Sasa niwapeleke kwetu. Barabara ya kutoka Tarime mjini kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, inapita Nyamwaga na Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu, kisha inavuka Mto Mara. Ni nchi nzuri, ya mahindi, mihogo na ng'ombe. Kwa desturi, koo nyingi za Wakurya huwatahiri wavulana na kuwakeketa wasichana Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Utafiti wa afya ya jamii wa taifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamekeketwa. Mkoani Mara ilikuwa asilimia 32. Utafiti wa 2022 ukakuta asilimia 8 kwa taifa na 28 kwa Mara. Imeshuka. Lakini aliyekeketwa Desemba hashuki na takwimu.

Desemba 2012 nilikuwa nimemaliza darasa la sita. Darasani kwetu walikuwamo wasichana wawili ambao nitawaita Mrefu na Mfupi, kwa sababu majina yao si ya kwangu kuyatoa. Mrefu alikuwa na moyo. Alipigana na wavulana na kuwashinda. Mwalimu akimchapa, yeye ndiye aliyekuwa akimtazama mwalimu usoni. Alitangaza tangu Oktoba, kwa sauti, mbele ya shangazi zake, kwamba yeye hatakeketwa, na atakayemgusa ataumia. Mfupi alikuwa mtu wa kulia. Alilia akikosa hesabu, alilia akisahau ufagio. Hakutangaza chochote. Alimnong'oneza mjomba wake, ndugu wa mama, ambaye alikuwa na bodaboda.

Mrefu alishikwa na wanawake wanne alfajiri. Alipigana, kweli aliwaumiza wawili. Hadithi ile ilisimuliwa kijijini kwa kicheko miezi mingi. Mfupi alipakiwa kwenye pikipiki usiku, akilia njia nzima, akafikishwa Masanga, kwenye kituo cha masista ambacho kimekuwa kikiwapokea wasichana wa msimu tangu 2008. Alikaa huko mpaka sherehe zikaisha. Januari wote wawili walirudi shule. Mmoja alikuwa mzima.

Niambieni sasa, enyi kambi ya moyo: Mrefu alipungukiwa na nini? Na nyinyi kambi ya nguvu: Mfupi alimzidi nani kilo?

Kuna jambo baya zaidi, na hili ndilo linalonifanya nisivumilie tena maneno ya "moyo ndio kila kitu". Kisu chenyewe kinasema lugha hiyo hiyo. Mvulana wa Kikurya akitahiriwa hatakiwi kupepesa jicho. Msichana akikeketwa hatakiwi kulia. Asiyelia anasifiwa, anazungushwa njiani kwa nyimbo, anavishwa kanga na kutunzwa fedha. Anayelia analeta aibu kwa ukoo. Asiyekeketwa anaitwa msagane, na jina hilo halina maana nzuri hata moja. Mkisikiliza maneno ya kina mama wanaomtayarisha binti, mtadhani wamesoma manga: jikaze, onyesha wewe ni nani, maumivu yanapita na heshima inabaki. Huo ni mtihani wa utashi. Umepangwa kwa ustadi kuliko mtihani wowote alioubuni Oda, na binti mwenye moyo mkubwa ndiye anayeufaulu vizuri zaidi. Ujasiri wake unachukuliwa na kutumiwa dhidi yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwenye moyo hushinda, namuuliza: hushinda nini? Mwenye moyo hukaa kimya chini ya kisu. Upande wa pili wa msemo huo ndio mchungu zaidi: aliyeshindwa basi hakuwa na moyo wa kutosha. Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, tena kutoka kwa wasomi, watu wazuri wanaopinga ukeketaji. "Lakini kwa nini hakukimbia? Wenzake mbona wanakimbia?" Wenzake wanakimbia kwa sababu wako karibu na barabara. Kwa sababu mwalimu fulani alitoa namba yake ya simu. Kwa sababu mjomba ana pikipiki.

Kambi ya nguvu isifurahi. Jibu lake ni kwamba mambo kama haya hayataki moyo, yanataka dola: polisi, pingu, jela. Dola imekuwepo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, iliyopitishwa mwaka mmoja baada ya One Piece kuanza, iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A: anayemkeketa au kusababisha akeketwe mtoto wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anastahili kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Ni pigo zito, isipokuwa hiyo "au". Lakini pigo halina jicho. Kesi ya ukeketaji inamtaka shahidi, na shahidi mkuu ni mtoto anayetakiwa kusimama mahakamani kumtaja mama yake, kisha jioni arudi kulala nyumba ileile. Wengi wananyamaza, na mimi siwalaumu. Gari la polisi linakuja Desemba na kuondoka. Shangazi haondoki.

Tena angalieni sheria inapoishia: miaka 18. Mwanamke akishafika umri huo, sheria yetu inamwachia utashi wake, kana kwamba siku ya kutimiza miaka hiyo wifi, mama mkwe na wazee wa mila wote huhama kijiji. Anayeolewa akiwa hajakeketwa anaweza kutakiwa akeketwe ukweni, na karatasi itasema aliridhia. Kenya, ambako Wakuria ni ndugu zetu wa damu, sheria ya 2011 haimtazami mtu umri. Daktari mmoja, Tatu Kamau, aliipeleka mahakamani akidai mwanamke mzima ana uhuru wa kuchagua. Machi 2021 Mahakama Kuu ilimkatalia, na moja ya hoja ilikuwa kwamba shinikizo la jamii huwasukuma hata wanawake wazima. Majaji wale huenda hawajawahi kufungua manga, lakini walilielewa jambo ambalo sisi wasomaji tunalipuuza: utashi wa mtu mmoja hauishi peke yake chumbani. Unaishi na watu, na watu wanaushika mkono au wanaupinda.

Basi ni nini kinachoshinda? Twendeni Mugumu. Mwaka 2014 ilifunguliwa pale nyumba salama chini ya Kanisa Anglikana, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara ambaye yeye mwenyewe alikeketwa akiwa binti. Baadaye alianzisha shirika lake, Hope for Girls and Women, na filamu ya 2018 iitwayo In the Name of Your Daughter ilimwonyesha duniani. Wanaoitazama filamu husema, "Mama yule ana moyo!" Anao. Lakini mtazameni anafanya nini na moyo wake. Anatafuta magodoro. Anatafuta mafuta ya gari. Anakaa na maofisa wa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Msimu ukiisha anawaita wazazi mmoja mmoja, wanazungumza, wanatia saini kwamba binti akirudi hataguswa, na anayekataa kusaini, binti yake anabaki na kuendelea na shule. Hizo ndizo sura ambazo hakuna msanii wa manga angezipa kurasa mbili za rangi: mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamsubiri baba mkaidi ashike kalamu.

Au chukueni suala la ramani. Simu inaingia usiku, binti anatajwa, kijiji kinatajwa, na dereva hajui njia, kwa kuwa vijiji vingi vya Serengeti havikuwa kwenye ramani yoyote ya maana. Tangu 2015 watu wa mradi uitwao Crowd2Map wamekuwa wakikaa mbele ya kompyuta zao, wengi wao wageni kabisa walio nchi za mbali, wakitazama picha za setilaiti na kuchora barabara, vijito na nyumba za vijijini kwetu, huku wenyeji wakijaza majina kwa simu zao. Mchoraji hana moyo wa Kikurya. Hana nguvu za Kaido. Ana kipanya na saa moja ya jioni. Lakini mstari alioutia pale unaweza kulifikisha gari kabla ya alfajiri, na alfajiri ndiyo saa yenyewe.

Najua mtakachonijibu, maana nimeshajibiwa hivyo: bila moyo Mfupi asingemnong'oneza mjomba. Kweli. Sijasema moyo ni bure. Kunong'ona kule kulikuwa ujasiri, pengine mkubwa kuliko makelele ya Mrefu. Ninachosema ni kwamba moyo si kitu adimu. Tembeeni kijiji chochote cha Tarime mwezi wa kumi na moja mtaukuta kila darasa, umekaa kwenye madawati, unaandika insha. Kilicho adimu ni mlango. Na mtu mwenye akili, akitaka kujua kwa nini fulani alipona na fulani hakupona, huangalia kile kilichopungua, haangalii kile ambacho wote walikuwa nacho.

Oda mwenyewe analijua hili, na hapo ndipo nampendea. Kumbukeni kijiji cha Nami. Arlong alimuua mama aliyemlea, akamchukua mtoto kuwa mchora ramani wake, akamwambia anaweza kukinunua kijiji chake kwa beri milioni 100. Kwa miaka minane msichana yule aliiba, akaumia, akatabasamu, akaficha fedha chini ya miti ya machungwa. Hakuna utashi mkubwa kuliko ule katika kitabu kizima. Alipokaribia kufikisha, ofisa wa jeshi la majini aliyenunuliwa na Arlong akaja akazichukua zote. Hapo alianguka chini, akauchoma kisu mkono wake mwenyewe penye chale ya Arlong. Kilichougeuza mkondo wa hadithi ni neno moja aliloliogopa miaka yote minane: alimwomba Luffy msaada. Luffy akamvisha kofia yake, akaanza kutembea, na wenzake wakainuka wakamfuata. Wasomaji wanakumbuka kofia. Mimi nakumbuka kwamba walikuwa wanne, na kwamba walikuwa wameshakaa pale njiani, wanasubiri kuitwa.

Na hapa narudi kwenye lile neno lililotuchekesha. Haki ya Kijapani katika hadithi ile huamshwa: iko ndani yako, unafanya mazoezi, inatoka. Haki yetu haina kitenzi hicho. Kwa Kiswahili unadai haki, unapewa haki, unanyimwa haki, unatendewa haki. Kila kitenzi kinamtaka mtu wa pili. Hakuna anayejitendea haki peke yake porini saa tisa za usiku, hata awe na moyo wa simba. Binti anaidai, na upande wa pili lazima awepo mtu wa kuitoa: mwalimu, mjomba, sista, askari wa dawati, hakimu, jirani mwenye taa. Asipokuwepo, binti hajapungukiwa na chochote. Sisi ndio tumepungua.

Kwa hiyo endeleeni kubishana kuhusu Luffy na Kaido. Nami nitabishana nanyi, maana napenda. Lakini acheni kuutumia ushindi wake kuwapima walioshindwa. Na wale wanaonipongeza kwa ugumu wa Kikurya, pongezi hizo zipelekeni mahali zitakapofanya kazi. Wengi wetu tunaosoma magazeti kama hili tutapangiwa kazi wilayani, tutakuwa walimu, mahakimu, wauguzi, maofisa ustawi. Desemba inakuja, na kuna mtoto wa darasa la sita ambaye ameshaamua. Swali lililobaki si lake. Ni kama namba yako ya simu anayo, na ikiita usiku, kama utapokea.